Soseji ya Kuku Ipewe Ladha ya Kuku

Mtu akikukaribisha soseji ya kuku, mara nyingi huitanguliza kwa neno la kuitetea. Haina mafuta mengi, atasema, au bei yake ni nafuu, au mlaji hana haja ya kuulizia nguruwe. Ni nadra kumsikia akisema ni tamu. Jambo hili hunikera, kwa kuwa kuku ndiye tunayemchinjia mgeni wa heshima toka Lamu hadi Kigoma, na sijapata kumwona mgeni aliyeusukuma pembeni mchuzi wa jogoo kwa kukosa ladha. Nyama hiyo hiyo ikisagwa, ikajazwa kwenye ngozi nyembamba na kulazwa ndani ya banzi, inakuwa kitu cha kufunikwa kwa haradali na tomato.

Kuku hana kosa hapo. Soseji yake ya kiwandani iliundwa ili ifanane na soseji ya nguruwe na ya ng'ombe, na huko kufanana ndiko kulikoipokonya ladha. Wapo watu waliomsaga kuku, au waliomjaza kwenye ngozi, zamani kabla ya viwanda, na hawakumtaka awe mnyama mwingine. Ukiwaweka pamoja na wapishi wetu wa pwani, inaonekana njia ya kuinusuru hotidogi ya kuku kwa vitu ambavyo vimo jikoni tayari.

Tuanze na mzazi. Soseji ya Frankfurt ni ya nguruwe mtupu, nyembamba, iliyopitishwa kwenye moshi. Katika mji ule wachinjaji wa nguruwe na wachinjaji wa ng'ombe walikuwa na vyama tofauti, kila kimoja na mipaka yake, hivyo nyama hizo hazikukutana kwenye bucha moja. Johann Georg Lahner alijifunza kazi huko, kisha akahamia Vienna ambako mipaka hiyo haikuwapo, na mwaka 1805 akatengeneza soseji yenye nyama zote mbili. Baadaye wahamiaji waliivusha Atlantiki. Mwaka 1893, kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago, Emil Reichel na Sam Ladany waliotoka Austria-Hungaria waliuza soseji zao za ng'ombe, na kampuni iliyotokana na biashara hiyo, Vienna Beef, ndiyo iliyoupa mji ule ladha inayojulikana leo: ng'ombe mtupu, kitunguu saumu cha kutosha, paprika, moshi, na juu yake haradali, kitunguu, nyanya, tango la siki, pilipili ndogo na chumvi ya figili kwenye banzi lenye mbegu za mpopi.

Katika safari hiyo, kila nyama ilipobadilika, viungo vilibadilika nayo. Nguruwe wa Ujerumani alitosheka na basibasi na pilipili manga nyeupe, kwa sababu mafuta yake yenyewe ni matamu na laini. Ng'ombe, ambaye mafuta yake ni mazito na yenye harufu kali, alipewa saumu na paprika, hasa mikononi mwa wachinjaji wa Kiyahudi wa Marekani ambao nguruwe hawakumgusa. Kila mara mtengenezaji aliuliza nyama aliyonayo inataka nini.

Zamu ya kuku ilipofika, swali hilo halikuulizwa. Robert C. Baker, profesa wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Ithaca katika jimbo la New York, alifanya kazi wakati wafugaji wana kuku wengi kuliko wanunuzi, na wanunuzi wenyewe wamezoea kununua kuku mzima. Yeye na wenzake wakabuni njia nyingi za kumuuza kuku kwa sura nyingine: vile vipande vya nyama ya kusaga vilivyoviringishwa kwenye chenga na kukaangwa ambavyo watoto wa dunia nzima sasa wanavijua, hemu ya bata mzinga, na, katika miaka ya 1960, hotidogi ya kuku. Matokeo yake aliyachapisha na kuyatoa bure kwa yeyote, bila kuyawekea hataza. Mtu wa namna hiyo ni wa kuheshimiwa. Lakini shabaha ya hotidogi ya kuku ilikuwa mlaji aile kama anavyokula ile aliyoizoea, na viwanda vilivyofuata viliishikilia shabaha hiyo kwa nguvu zaidi. Hata leo ukigeuza pakiti na kusoma viambato, mara nyingi unakuta paprika ile ile, saumu ile ile na moshi wa maji ule ule wa soseji ya ng'ombe.

Baker huyo huyo alikuwa na kuku mwingine kabisa. Kwa ajili ya kuchoma nje, juu ya mkaa, alitengeneza sosi ya siki ya tufaha, mafuta, yai, chumvi na majani ya viungo, inayopakwa tena na tena wakati kuku anageuzwa. Familia yake ilimuuza kuku huyo miaka mingi kwenye maonyesho ya jimbo la New York huko Syracuse, na watu walipanga foleni. Hapo hakumwiga mnyama yeyote. Alimpa kuku vitu vitatu anavyovitaka: mafuta, uchachu na moto wa mkaa. Natamani vitu hivyo vingeingia pia kwenye soseji yake.

Kwa nini kuiga kunashindwa? Jibu limo kwenye mafuta. Nyama nyekundu tupu za wanyama mbalimbali, zikiondolewa mafuta yote, zinakaribiana sana kwa ladha. Kinachokufanya umtambue mbuzi au kondoo kabla hujafunua sufuria ni mafuta yake. Basi anayepunguza mafuta ya kuku anampunguza kuku mwenyewe. Sheria za Marekani zinaruhusu hotidogi iwe na mafuta hadi asilimia 30, na mafuta pamoja na maji yaliyoongezwa yasizidi asilimia 40. Soseji ya kuku husifiwa kwa uchache wa mafuta, kwa hiyo nafasi inayobaki hushikwa na maji. Na maji hayo huingia kama barafu, kwa sababu ya lazima: chumvi ikichanganywa na nyama huvuta protini inayonata, na protini hiyo ndiyo inayoshika mafuta na maji pamoja. Mafuta ya kuku ni laini, huyeyuka mapema kuliko ya ng'ombe, na rojo likipata joto kupita nyuzi 12 hivi wakati wa kusagwa, mafuta hujitenga na soseji hutoka kavu na yenye chengachenga. Fundi anamwaga barafu ili kuliokoa rojo. Barafu hiyo ni ya maji ya bomba.

Kuna na la pili. Soseji za bei ya chini hutengenezwa kwa nyama iliyokamuliwa kwa mashine: mifupa yenye mabaki ya nyama husukumwa kwa nguvu kwenye chujio, ikatoka rojo laini lenye uboho na damu. Chuma kilichomo kwenye damu huharakisha kuharibika kwa mafuta, na mafuta ya kuku huharibika upesi kuliko ya ng'ombe. Matokeo yake ni ile harufu ya kiporo kilichokaa siku nyingi kwenye friji, ambayo sukari na moshi wa maji hupewa kazi ya kuifunika. Mlaji hudhani ndivyo kuku alivyo.

Sasa twende Mirandela, kaskazini mashariki mwa Ureno. Mwishoni mwa mwaka 1496 Mfalme Manuel I aliamuru Wayahudi waondoke nchini au wabatizwe, na mwaka 1497 wengi walilazimishwa ubatizo. Kama wanavyosimulia watu wa huko, waliobaki na imani yao kwa siri walikuwa na tatizo la dari: kila nyumba ilining'iniza soseji za nguruwe juu ya moto, na nyumba isiyokuwa nazo ilijulikana. Ndipo wakatengeneza alheira, soseji ya kuku na ndege wengine pamoja na mkate, saumu, paprika na mafuta ya zeituni, wakaining'iniza kwenye moshi kama za majirani. Siku hizi alheira nyingi zina nguruwe ndani, lakini namna ya kuitengeneza imebaki.

Hakuna soseji iliyokuwa na sababu nzito ya kuiga kuliko hii, maana uhai wa mtu ulitegemea. Hata hivyo uigaji wake uliishia kwenye macho. Ndani, alheira ni ya kuku bila kuficha. Nyama huchemshwa pamoja na mifupa hadi iachie, kisha mkate hulowekwa kwenye supu ile ile, nyama ikachambuliwa na kurudishwa. Kila tone la utamu lililotoka kwenye kuku linarudi kwa kupitia mkate. Ilinganishe na barafu ya bomba ya kiwandani, utaona tofauti yote ya ladha imeanzia hapo.

Mbele zaidi, kwa Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, jambo lilikuwa mafuta yenyewe. Dini iliwakataza nguruwe, ikawakataza pia kupika nyama kwa siagi, na zeituni haioti kwenye baridi ile. Yakabaki mafuta ya kuku na ya bata bukini. Waliyayeyusha polepole na kitunguu hadi ngozi ikakauka na kuwa kahawia, wakayahifadhi kama sisi tunavyohifadhi samli. Walichukua pia ngozi ya shingo ya kuku, wakaijaza unga, mafuta hayo na kitunguu cha kukaanga, wakaishona ncha mbili na kuipika ndani ya chungu cha maharage usiku kucha. Hiyo ni soseji ya kuku kwa kila maana, na imefungwa kwa ngozi ya kuku mwenyewe. Ukila kitu kama hicho huwezi kuuliza ladha iko wapi.

Wajapani sitakaa nao sana, ingawa wanastahili. Vitonge vyao vya kuku wa kusaga, tsukune, huchomwa kwenye vijiti juu ya mkaa na kupakwa sosi ya soya yenye utamu, mara nyingine pamoja na kiini cha yai cha kuchovya. Baadhi ya wapishi huchanganya gegedu lililokatwakatwa, na meno hukutana na kitu kinacholia katikati ya ulaini. Soseji ya kiwandani ni laini kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ulimi huchoka na ulaini haraka sana.

Nyumbani kwetu somo liko wazi kuliko kote, na nasikitika kwamba viwanda vyetu vimenunua mapishi ya mbali kabla ya kupita jikoni kwa jirani. Mtazame mpishi wa kuku wa kupaka, Mombasa au Unguja. Kuku ameshakolezwa tangawizi, saumu, pilipili na ndimu. Tui zito limechemshwa peke yake hadi limeanza kujitenga na mafuta yake. Kuku yuko juu ya mkaa, na mpishi anampaka tui kwa kijiko au kwa brashi, anamgeuza, anampaka tena. Tui linadondoka kwenye makaa, moshi mzito mweupe unapanda na kumshika kuku, na lile lililobaki kwenye ngozi linakauka na kuwa utando wa kahawia wenye madoa meusi. Moshi huo umetoka kwenye mafuta ya chakula chenyewe. Moshi wa chupa hauukaribii.

Nazi ina faida nyingine ambayo mtengeneza soseji angeifurahia. Mafuta yake huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kila aliyeweka tui kwenye friji ameuona ule utando mgumu juu. Kwa hiyo tui zito lililopoa sana, likichukua nafasi ya sehemu ya mafuta laini ya kuku, husaidia rojo lisimame wakati wa kusagwa. Mafuta ya nazi pia hayaharibiki upesi. Nisingeondoa mafuta yote ya kuku, maana ndiyo jina lake. Ningeyayeyusha kwanza na kitunguu kama walivyofanya wale wa Ulaya ya Mashariki, nikayagandisha, kisha nikayachanganya na tui.

Viungo navyo vichaguliwe kwa ajili ya kuku. Basibasi ya soseji ya Kijerumani inamfaa, na mkungumanga unamea Zanzibar. Pilipili manga, tangawizi na giligilani vinamfaa. Karafuu inahitaji mkono wa uangalifu: imejaa yujenoli, ambayo huzuia mafuta yasichache, kwa hiyo ni dawa ya ile harufu ya kiporo, lakini ikizidi ncha ya kisu kwa kilo moja utakula karafuu. Paprika nyingi ningeiacha. Iko pale kuleta wekundu wa ng'ombe, na kuku hana sababu ya kuonea haya weupe wake.

Kuna mambo mawili ya mishkaki yasiyofaa kuingizwa kwenye rojo, na wapishi wazuri hukosea hapo. La kwanza ni papai bichi. Linalainisha kipande cha nyama kwa kuivunja protini, na protini hiyo ndiyo gundi ya soseji. Ukilitia, soseji itasambaratika. La pili ni ndimu, siki au ukwaju. Uchachu ukiingia kwenye nyama mbichi ya kusaga huifanya protini ijikunje na kuachia maji. Uchachu ni wa nje na wa mwisho. Waswahili wanajua, maana ukwaju wa mishkaki huja kwenye kibakuli pembeni, na Waomani huutumia vivyo hivyo kwenye mishkaki yao ya barabarani. Baker naye siki yake ilikuwa ya kupaka juu.

Najua mwenye kiwanda atauliza bei. Jibu langu ni kwamba vitu vinavyoongeza ladha ya kuku ndivyo vinavyouzwa kwa bei ya chini kuliko vyote. Pita soko lolote la Dar es Salaam utakuta miguu, shingo, vichwa na mifupa ya mgongo imewekwa pembeni ya vidari na mapaja. Chemsha miguu na mifupa kwa saa kadhaa, chuja, punguza supu hadi iwe nzito, igandishe, uivunje: hiyo ndiyo barafu ya rojo lako. Kuku wa mayai aliyeacha kutaga ni mgumu kwa kukaanga, lakini ameishi zaidi ya mwaka, na ladha yake inamzidi sana kuku wa kisasa anayechinjwa akiwa na wiki tano au sita. Ugumu wake unaishia kwenye mashine ya kusagia. Tumia nyama ya paja zaidi kuliko ya kidari. Chumvi isizidi sana asilimia 2. Sehemu ndogo ya nyama isage kwa matundu makubwa uichanganye mwishoni, ili jino lipate la kufanya.

Kisha kuna namna ya kuipika. Soseji ya ng'ombe yenye mafuta mengi huvumilia kukaa kwenye maji ya moto, na ndivyo inavyouzwa Chicago. Ya kuku ikikaa humo inaacha nusu ya utamu wake kwenye sufuria. Wauza chipsi wetu huichanja kwa kisu pande zote na kuitumbukiza kwenye mafuta hadi ifunguke kama ua, na kwa hilo wako sahihi kuliko wanavyosifiwa, kwa sababu kila mchanjo ni ukingo mpya wa kukauka na kuwa kahawia. Ningependa waichanje kidogo tu, waiweke juu ya mkaa, waipake tui, na wahakikishe katikati imefika nyuzi 74, maana kuku wa kusaga hana ruhusa ya kubaki mbichi ndani.

Na mkokoteni wa Nairobi? Muuza smoki huipasua soseji kwa urefu, akaijaza kachumbari ya nyanya, kitunguu, dhania na pilipili, akakukabidhi kwenye kipande cha karatasi. Wengi huichukulia kachumbari hiyo kuwa njia ya kufunika nyama hafifu. Kwa soseji ya kuku inafanya kazi kubwa zaidi. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda wa Tokyo aligundua kwamba ile ladha nzito ya mchuzi wa mwani inatokana na glutameti, na mwaka 1913 mwanafunzi wake Shintaro Kodama akaipata nyingine, inosineti, kwenye samaki mkavu. Baadaye ikajulikana kwamba hizo mbili zikikutana mdomoni, moja huikuza nyingine kupita jumla yao. Nyama ya kuku ina inosineti nyingi. Nyanya iliyoiva ina glutameti nyingi. Yule kijana wa mkokoteni ameziweka pamoja bila kusoma Kijapani, na tomato ya chupa yenye sukari haimfikii. Achague nyanya zilizoiva barabara, azikate papo hapo zisichuje maji, chumvi aitie wakati wa kuuza, na ndimu aikamue mwisho kabisa, soseji ikiwa imeshatoka motoni na imeshapasuliwa.